Sanamu ya Nakijwa

Paukwa!
Pakawa!
Walio nyuma sogeeni, maana mimi sirudii.

Paliondokea mfinyanzi, jina lake Nakijwa. Aliogopa ukame, akaogopa radi, akaogopa wachawi. Akafinyanga sanamu, akaiweka kwenye kona ya chumba. "Wewe ndiwe mungu wangu," akaiambia. Wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Nakijwa hakuambiwa. Na msicheke! Wale wa jangwani walisubu ndama wa dhahabu. Yeye alikuwa na udongo tu.

Sanamu ilikuwa na mwiko wake: haitazamwi. Unaingia kinyumenyume, unaweka bakuli la maziwa nyuma yako, unatoka. Mbuzi alikuwa mmoja, bakuli moja. Na binti yake, Namkunda, alikuwa na mtoto mchanga, ziwa limemkauka.

"Mama, mtoto anakufa."
"Mungu kwanza, mwanangu."

Walioshiba ni nzi.

Namkunda akaivunja sanamu. Mama akafinyanga nyingine, kubwa zaidi. Akaivunja. Mama akafinyanga ya tatu, yenye meno, akaichoma ikawa ngumu kama jiwe. Hiyo Namkunda hakuivunja. Aliitoa tu, akakaa yeye pale kwenye kona na mwanawe.

Nakijwa akaingia kinyumenyume. "Pokea, Bwana." Bakuli likabaki tupu. Kesho yake, tupu. Keshokutwa, tupu, na mungu akacheua.

"Huyu wa tatu ndiye mungu hasa," akasema Nakijwa. "Ona mtoto alivyonenepa!"
"Naona, mama."

Siku moja mungu akapiga chafya, kisha akacheka. Nakijwa akasahau mwiko, akageuka. Akamwona mjukuu wake, maziwa yamemjaa mdomoni.

"Sanamu iko wapi?"
"Jikoni. Figa moja lilipasuka."

Akaenda jikoni. Mungu alikuwa chini ya chungu cha maharage, uso umeelekea motoni, meno yamejaa masizi. Nakijwa mwenyewe ndiye aliyekuwa akisonga ugali juu yake siku zote hizo.

"Kumbe nilikuwa naogopa kona tupu!"
"Haikuwa tupu, mama. Mungu wako ni hofu, ulikuwa ukiingia naye."

Nakijwa akajishika kifua. Kilikuwa bado kinadunda. Akalia kwa aibu, kisha kwa huruma ya mtoto.

"Yule amekuwa figa," akasema. "Na huyu wa humu ndani, je?"
"Mgeukie na yeye, mama."

Jioni akakamua mbuzi. Akaingia chumbani uso mbele, akamnywesha mjukuu wake huku akimtazama machoni.

Yangu nimeitua hapo. Mwenye kona nyumbani kwake, akageuke.