Jina Moja Mbele, Wawili Nyuma

Sogeeni. Anayependa hadithi zenye mwisho aondoke sasa hivi, asije akanilaumu baadaye. Hii mwisho wake mtautengeneza ninyi. Mimi nimeshindwa, na walioshindwa kabla yangu wana shahada.

Palikuwa na wanafunzi watatu wa uzamili, wakisomea takwimu za afya. Kama hujui takwimu za afya ni nini, usione haya; mimi nilikuwa darasa moja nao na nilikuja kujua muhula wa pili. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, nimekwishafanya kazi Maputo, Muscat na Lubumbashi, nikadhani uzamili nao ni safari kama nyingine: unapanda, unasinzia, unafika. Nilipozinduka wenzangu walikuwa wameshuka zamani. Basi niacheni mimi, tuwatazame wao.

Wa kwanza aliitwa Mwanakheri Chambuso, mtu wa Pangani. Kipaji chake kilikuwa jicho. Umwekee ukurasa wa namba mia tano, atautazama kama mama anavyotazama mchele kwenye ungo, kisha kidole kitatua: "Hili hapa jiwe." Na kweli, jiwe.

Wa pili aliitwa Tuntufye Mwakalobo, mtu wa Rungwe, aliyekuwa muuguzi miaka tisa kabla ya kurudi shule. Kipaji chake kilikuwa miguu na masikio. Alikwenda popote, na akifika, watu walimwambia mambo ambayo hawajawaambia hata wake zao.

Wa tatu aliitwa Masalu Ng'wandu, mtu wa Maswa. Kipaji chake kilikuwa mkono. Hesabu ambayo sisi tuliilia, yeye aliiandika kama anaandika barua nyumbani. Alizungumza mara mbili kwa wiki, na moja kati ya hizo ilikuwa salamu.

Siku moja ya Agosti, Profesa Kokushubila, mama aliyetufundisha na aliyetutisha kwa kipimo kilekile, aliingia darasani na faili. Lilitoka kata moja ya milimani kusini, nitaiita Ihanzo, huko ambako mwezi wa saba asubuhi majani huwa meupe kwa umande ulioganda. Shirika moja lilikuwa likiwagawia watoto wa Ihanzo unga wa lishe. Lilianza Novemba ya mwaka juzi. Wakati ule, kati ya watoto mia moja, thelathini walikuwa na uzito pungufu. Julai iliyopita wakapima tena: kumi na wanane tu! Watu wakapongezana. Ikapangwa kwamba mwisho wa Septemba kitafanyika kikao, unga usimamishwe Ihanzo, upelekwe kwingine.

"Shirika linataka chuo kihakikishe tu," Profesa akasema. "Lichukulieni kama zoezi."

Mimi nilihakikisha siku hiyohiyo. Niliandika "Hongereni", nikaenda kunywa chai.

Mwanakheri hakwenda kunywa chai. Wale wa shirika walitazama kurasa mbili, ya kwanza na ya mwisho. Yeye alizitandaza zote za kliniki, miezi ishirini na mmoja. Akaona watoto wananenepa Juni na Julai, halafu Novemba wamekonda tena, halafu Juni hao, wamenenepa.

"Ni mavuno," tukamwambia. "Mwezi wa sita mahindi yanavunwa, watoto wanashiba. Kwenu Pangani hamlimi?"

"Tunalima, na watoto tunao," akajibu. "Mtoto wa miezi sita ameongezeka gramu mia sita na hamsini. Kaka yake wa miaka minne ameongezeka mia saba. Mahindi gani hayo yanawagawia wote sawa, mwenye meno na asiye na meno?"

Tukazirudia kurasa. Mimi nilizirudia kabla ya wenzangu, ingawa ndiyo kwanza nilikuwa nazisoma.

"Kuna kitu kinaingia kwenye mizani na si mtoto," Mwanakheri akasema. "Ni kitu gani, sijui. Ila kipo."

Profesa akatikisa kichwa. "Chambuso, 'kipo' haliandikwi kwenye ripoti."

Hapo ndipo Tuntufye alipofunga mkoba. Alisafiri siku mbili. Alipofika zahanati ya Ihanzo hakujitambulisha kwa barua yenye mhuri. Alikaa kwenye benchi la kina mama, akapakata mtoto wa mtu. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza, na upepo ulipita hapo kama una shida zake. Mbele yake bibi mmoja alikuwa na mjukuu aliyevaa sweta mbili, kofia, soksi za sufu, na shali juu ya vyote.

"Shikamoo bibi. Hapa hawavuliwi?"

"Marahaba. Nimvue kwenye baridi hii?" Bibi akamtazama toka viatu hadi kofia. "Anza wewe kuvua, mwanangu, tukuone."

Benchi zima likacheka. Tuntufye naye akacheka, akafunga kifungo kingine cha koti. Kina mama walipokwisha, alimfuata muuguzi, Imelda Tweve, akamsaidia kukunja vitambaa. Hakuuliza kitu. Muuguzi alizungumza mwenyewe.

"Wewe si mgeni tu, kaka. Unakunja kama mtu wa wodi."

"Miaka tisa, dada."

"Basi utanielewa. Mwongozo unasema tuwavue. Mwaka wangu wa kwanza niliwavua. Watoto wakapata vifua, mama zao wakasema kliniki inaua, mwezi uliofuata nikapima watoto kumi na mmoja. Nikajiambia, bora mtoto mwenye sweta kwenye daftari kuliko mtoto uchi asiyekuja." Akaweka kitambaa cha mwisho. "Wakija wakubwa kukagua nawaambia tunawavua. Wewe utaniandika?"

"Nitaandika sweta," Tuntufye akasema. "Jina lako halina uzito kwenye mizani."

Akatupigia simu: kinachoingia kwenye mizani Juni na Julai ni sweta za baridi; Novemba kuna joto, hazivaliwi. Darasa zima tukapiga kelele, mimi zaidi ya wote, utafikiri nimepanda mlima ule mwenyewe. Lakini Profesa alipowapigia wa shirika, jibu lao lilikuwa la adabu na baridi kuliko Ihanzo: "Profesa, kila kijiji kina hadithi. Sisi tunafuata namba." Na kikao kilikuwa kimebakiza wiki tatu.

Watoto walikuwa mia sita na kumi na wawili. Kuwavua wote na kuwapima upya, muda haupo, na mama zao wasingekubali. Tuliinamisha vichwa. Ndipo Masalu akatumia zamu yake ya pili ya wiki.

"Tusipime watoto," akasema. "Tupime nguo."

"Nguo zipi? Za miezi ishirini na mmoja?" nikamuuliza.

"Za watoto sitini. Sweta ni zilezile, mzee wangu, anavaa mkubwa, anarithi mdogo."

Akachagua sitini kwa kura: wa kila umri, wa kila kijiji, wa karibu na zahanati na wa kule ambako njia inakatika. Tuntufye akamwambia kwa simu, "Huyu wa ishirini na tatu anakaa mbali sana, nimchukue jirani?"

"Hapana. Mfuate."

"Masalu, ni saa tatu kwa miguu!"

"Ndiyo maana kura ilimchagua. Ukinichukulia walio karibu, utaniletea watoto wa wenye nafuu."

Akamfuata. Kila nyumba ilikuwa hivyohivyo: mtoto akalala kwenye blanketi jikoni karibu na moto, nguo zake zikapanda mizani peke yake, mama akaulizwa huvaa zipi mwezi gani. Namba zikashuka kwa simu hadi kwa Masalu, naye akazitoa kwenye uzito wa kila mtoto, kwa umri na kwa mwezi, huku akibeba mashaka yote bila kuficha hata chembe.

Kikao kikafika. Bwana wa shirika akataka jibu. "Walio na uzito pungufu Julai ni wangapi kati ya mia?"

"Kati ya ishirini na saba na thelathini na watatu," Masalu akasema.

"Nataka namba moja."

"Namba moja, bwana, ni uongo uliovaa tai. Lakini chukua hiyo ya chini kabisa. Hata hiyo haikaribii kumi na wanane yako."

Yule bwana alisoma jedwali, akalirudia, akavua miwani. Nampa haki yake: hakubisha. Unga ukabaki Ihanzo. Zahanati ikapewa chumba chenye jiko la mkaa ili watoto wapimwe ndani, wakiwa kama walivyozaliwa na bila kupata mafua. Nimeona ndege na meli za mataifa, na sikuzionea fahari kama niliyoionea meza ile yenye vijana watatu waliovaa mashati ya kuazima.

Hadithi ingekuwa tamu ingeishia hapo. Lakini kazi ile ilistahili makala kwenye jarida, na makala ina mstari wa majina. Wasomi wana desturi yao. Mkiwa watatu, jina la kwanza ndilo linalotajwa duniani kote. Waliobaki wanakuwa "na wenzake". Unaweza kukesha, ukapanda mlima, ukavumbua dawa ya kifo, na watu wakakuita "na wenzake" mpaka kwenye kaburi. Tena kulikuwa na nafasi moja ya uzamivu, moja tu, yenye ufadhili wa miaka minne, na masharti yalisema: atapewa mwenye jina la kwanza.

Profesa akawaita ofisini Ijumaa. Niliingia nao kwa kisingizio cha kurudisha kitabu.

"Tupige shilingi," Mwanakheri akasema.

"Shilingi ina pande mbili, sisi watatu," Masalu akamjibu. "Na wewe umesoma takwimu!"

"Basi kwa alfabeti. Tukifuata majina yetu wenyewe ni Masalu, tukifuata ya ukoo ni mimi."

"Na kwa kimo ni mimi," Tuntufye akasema. Wakacheka, kisha kicheko kikaisha, kwa sababu kila mmoja aliitaka nafasi ile na kila mmoja aliijua njaa ya mwenzake.

Profesa akasema, "Semeni. Bila unyenyekevu. Leo sitaki unyenyekevu."

Mwanakheri akasema, "Nisingetazama, hakuna ambaye angetoka hapa. Mngeandika hongereni, kama yule pale." Akanionyesha kwa kidevu. "Faili lingefungwa na unga ungeondoka."

"Uliona moshi, dada yangu," Tuntufye akajibu. "Mwenyewe ulisema hujui ni kitu gani. Mimi ndiye niliyekwenda mpaka kwenye moto. Na wangeenda wengine na barua zao za mhuri, Imelda angewaambia anawavua."

"Ulileta hadithi," Masalu akasema taratibu, na hiyo ilikuwa mara yake ya nne wiki ile. "Wakaikataa. Mkono wangu ndio walioshindwa kuukataa."

"Mkono wako ulihesabu nguo ambazo miguu yangu ilizifuata!"

"Na njia za hesabu zimo vitabuni," Mwanakheri akaongeza. "Jicho halimo kitabuni."

"Vitabu wote mnavyo," Masalu akasema. "Kupima nguo badala ya watoto, mlikusoma katika kitabu kipi?"

Profesa akageuza kompyuta, wote wakaona mstari wa kwanza wa makala, mtupu, kijistari kikiwakawaka.

"Miaka ishirini na sita nafundisha," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kututisha. "Nimewahi kupata jicho. Nimewahi kupata miguu, nimewahi kupata mkono. Vyote vitatu mwaka mmoja sijawahi kupata, wala sitapata tena. Na nitamwachia mmoja mlango, wawili niwafungie." Akasimama. "Saa nane makala inaondoka. Nakwenda kunawa uso."

Wakanigeukia mimi. "Mzee wetu, wewe ndiye mkubwa hapa. Sema."

Mimi! Mtu aliyeandika "Hongereni"! Nikawaambia kitabu changu kimechelewa maktaba, nikakimbia.

Toka siku hiyo nauliza swali hili kila ninapokwenda. Fundi cherehani mmoja wa Lamu alisema jicho, kwa kuwa kosa usiloliona hulishoni. Mkunga wa Kigoma alisema miguu, hakutaka hata nimalize. Mwalimu mmoja wa Kisumu alisema mkono, nusura apigane na mkewe aliyesema jicho. Mke wangu anasema wangemweka Imelda, kisha ananiuliza mimi nilikuwa wapi siku zote hizo. Lililoandikwa saa nane nalijua. Silisemi, maana nikilisema mtaacha kufikiri.

Basi kaa kwenye kiti cha Profesa. Mstari ni mtupu, saa ni saba na dakika hamsini. Mwanakheri aliyeona, Tuntufye aliyekwenda, Masalu aliyethibitisha, wote watatu wamesimama mlangoni wanakutazama, na watoto mia sita na kumi na wawili wanakula uji wao. Jina moja litatajwa, mawili yatamezwa.

Je, wewe ungeandika la nani? Na wale wawili wengine, ungewatazama vipi usoni?