Mkono Uliomlisha Osmunda

Asiyekula nyama hula mkono. Mmeisikia leo kwa Bibi Kanisia alipowarudisha bombani, mkacheka, kisha mkaniuliza maana yake. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Umatengo.

Fokas Ndunguru alikuwa mchoma nyama ya nguruwe. Kabla ya kumnunua nguruwe alimlaza, akampanua taya kwa kijiti, akaupapasa ulimi. Akigusa vipunje vigumu, aliinuka. "Huyu ana mchele," alisema, akimaanisha vipunje vya minyoo, na wenye nguruwe walimnunia. Lakini ulimi hausemi yote, na Fokas alikuwa na tabia ya kuonja nyama ingali na damu.

Mkewe, Osmunda, hakula nguruwe tangu utoto. Harufu tu ilimtapisha. Kwa hiyo kila jioni Fokas alimletea bakuli la kachumbari, aliyoikata na kuikamua kwa mikono yake.

"Mama Kanisia, chakula chako."

"Mume mchoma nyama, mke anakula majani kama sungura!" Osmunda alicheka, akala mpaka tone la mwisho.

Adhuhuri moja, akichambua maharage, Osmunda alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Moto haukuwapo. Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka, ukaanza kupunga taratibu kuelekea mlango usio na mtu.

"Unamwita nani?" Fokas aliuliza.

Osmunda aliutazama mkono ule kama wa mgeni. "Siiti mimi. Unaita wenyewe."

Akaanguka, akitetemeka, povu mdomoni.

Majirani walinong'ona: huu ni mkono wa mtu. Fokas akaamini. Akaanza kuichunguza mikono ya watu, huyu wa kulia, yule wa kushoto. Akakataa uji wa dada yake mwenyewe. Akaapa kwamba hakuna atakayemgusia mkewe chakula ila yeye. Alikata, akakamua, akamlisha kwa vidole. Na mkono ule ulizidi kuita.

Hatimaye Gaudensi, kaka wa Osmunda, aliwapeleka hospitali kubwa. Daktari aliinua picha ya kichwa kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na vidoa vyeupe, vingi.

"Huo ni mchele," Fokas alisema. "Lakini mke wangu hali nguruwe!"

"Anayempikia anakula?"

Fokas aliitikia kwa kichwa.

"Nyama isiyoiva huacha tegu tumboni mwa mlaji," daktari alisema. "Akitoka chooni bila kunawa, mayai ya tegu yako vidoleni. Anayelishwa kwa vidole hivyo huyameza, yakaanguliwa, na mabuu yake yakampanda kichwani."

Fokas alikumbuka vile vipande vyeupe, bapa, alivyokuwa akiviona chooni na kuvipuuza.

Osmunda alipewa dawa. Hazikuwahi. Wiki ya pili alianguka kijitoni, uso chini, katika maji yasiyofika magotini.

Msibani Fokas alishika birika, akiwanawisha watu. Gaudensi alipofikiwa, hakunyoosha mikono.

"Shemeji, ulitafuta sana mkono wa mtu. Uliupata?"

Fokas aliweka birika chini, akainua mikono yake miwili.

"Dada yako hakula nyama," alisema. "Alikula mkono. Ni huu."

Gaudensi akaliokota birika, akammiminia Fokas kwanza.

Tangu hapo, mpaka uzee ulipomchukua, hakuna aliyekula msibani kijijini kwetu kabla Fokas hajamwambia, "Sugua na kucha." Birika lile sasa liko kwa binti yake, Kanisia, ndiye huyo aliyewarudisha bombani.

Nendeni mkanawe tena. Asiyekula nyama hula mkono.