Laini Inatumika

Pupa haijawahi kuivisha chungu. Anayechovya kidole mchuzi ukiwa bado unatokota huondoka na lengelenge, na wenzake wanapokula yeye yuko pembeni anapuliza kidole. Kama kuna mtu aliyestahili kukumbushwa hivyo kila asubuhi, basi ni kinyozi mmoja ambaye wateja walimbandika jina la Chapuchapu. Ukikaa kitini kwake kumweleza unavyotaka nywele zako, ulikuwa ukizieleza nywele zilizokwisha kuwa sakafuni.

Miaka hiyo simu za nyumbani zilikuwa za waya, na Chapuchapu alikuwa ndiyo kwanza amehamia nyumba mpya pamoja na mkewe na mama yake mzazi. Binti yao wa pekee alikuwa karibu kujifungua, huko mbali alikoolewa. Mkwe alikuwa ameahidi kwamba mtoto akizaliwa tu atapiga simu, na kumsogezea mtoto mkono wa simu ili babu aisikie sauti yake. Chapuchapu hakuwa na hamu nyingine duniani. Lakini simu yenyewe ilikuwa imelala juu ya kabati, waya wake ukining'inia kama mkia wa panya.

Ofisi ya simu iliwaambia kwamba namba yao ya zamani ingehamishiwa nyumba mpya wiki hiyohiyo. Wao kazi yao ilikuwa moja tu, kuwepo nyumbani fundi atakapofika. Mke, mwalimu wa chekechea, akaenda kazini. Chapuchapu akabaki na mama yake, ambaye masikio yalikuwa yamemchoka. Hata ungegonga mlango kwa nyundo asingegeuka. Kinyozi alikaa hadi chai ikapoa, akaona sasa wanamchezea. Akavaa viatu, huyoo, mbio ofisini kuwaharakisha. Aliporudi alikuta maandishi ya chaki mlangoni: fundi alikuwa amekuja, amegonga, hakufunguliwa.

Siku iliyofuata akaapa kwamba hadanganyiki tena. Atamuwahi fundi hukohuko ofisini. Kwenye kona ya mtaa wake alikuta ngazi imeegemezwa nguzoni na kijana juu yake anahangaika na nyaya. Chapuchapu akamkemea kwa kuziba njia, akapita chini ya ngazi bila kuangalia nyuma. Ofisini karani alimtazama kwa huruma, akamweleza kwamba fundi wake yuko mtaani kwake tangu asubuhi, juu ya nguzo.

Mkewe aliposikia habari hizo jioni, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaomba ruhusa kazini.

"Kesho nakaa mimi," alimwambia. "Na wewe utakaa hapa ubavuni kwangu, mume wangu, hata kama itabidi nikufunge kamba."

Kesho yake fundi akaja. Aliitambua sauti iliyomkemea, lakini alikuwa muungwana, akatabasamu tu. Akapitisha waya chini ya dirisha, akafunga kisanduku ukutani, akaunganisha simu. Chapuchapu akaunyakua mkono wa simu: kimya. Fundi akamweleza kwamba upande wa nyumba umekwisha. Kilichobaki ni wenzake kituoni kuifungua laini, na hawatachukua muda. Akamsihi akae wanywe chai.

Chai gani tena? Muda mfupi kwa Chapuchapu ulikuwa mwaka mzima. Mke alipotoka jikoni na vikombe, mumewe alikuwa ameshakata kona.

Ofisini aliegemea kaunta akihema, akidai laini yake ifunguliwe mbele ya macho yake. Karani akamwambia imeshafunguliwa. Akaizungusha namba ile, akampa asikilize mwenyewe. Tii, tii, tii.

"Si unasikia?" Chapuchapu alifoka. "Haijamaliza hata siku, mmeshaiharibu."

"Haijaharibika, mzee," karani alijibu taratibu. "Laini inatumika. Kuna mtu anaongea na watu wa nyumbani kwako."

Kinyozi akabaki na mkono wa simu sikioni. Alimjua mtu huyo ni nani. Maskini, akautupa mkono wa simu kaunta, akatimua mbio ambazo hata yeye hakuwahi kuzitimua.

Alimkuta mama yake anapiga vigelegele, mkewe anacheka na kulia kwa pamoja, na fundi ameshika kikombe, macho yamemlowa utadhani yeye ndiye mjomba wa mtoto. Mkono wa simu ulikuwa umesharudishwa mahali pake. Wakamwambia ni msichana, na amelia kwa nguvu.

"Hata mimi nimemsikia," mama yake alijigamba, "mimi nisiyesikia mlango."

Chapuchapu akajibwaga kitini. Roho ilimuuma kwelikweli. Akauliza kama hawakuweza kumngoja hata kidogo.

"Tulikungoja," mkewe alisema, akimwekea mkono begani. "Lakini simu ya wodi ina foleni. Watapiga tena kesho. Mkweo anasema mtoto hakumngoja hata mkunga avae glavu. Amemfuata babu yake."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao huku machozi yakimtiririka. Kisha akavua viatu, akampa mama yake avikalie, akasogeza kiti kando ya simu. Fundi alikuwa anamalizia kikombe ambacho hapo mwanzo kilimiminwa kwa ajili ya mwenye nyumba, na ni yeye aliyelitamka lile ambalo kila mmoja pale alikuwa nalo mdomoni: mwenye pupa hadiriki kula tamu.