Kiboko Aonja Mihogo ya Bi Fuko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kapu?"

"La mboga!"

"Njaa?"

"Ya kwetu!"

Ehee, ya kwetu. Basi sogeeni, ingawa hadithi yenyewe haichekeshi sana.

Hapo kale wanyama wa kando ya mto walikuwa na bustani yao moja, wakiilima kwa zamu. Kila Ijumaa walichuma mapema, umande ungalipo, wakaenda gulioni kubadilishana: kunde kwa mchicha, mchicha kwa viazi. Na gulio lao lilikuwa na mila moja: mteja huonja kwanza.

Mila hiyo ndiyo iliyomnenepesha Kiboko. Jembe hakulishika hata siku moja, lakini gulioni hakukosa. Ndi! ndi! ndi! Akasimama kwa Kanga.

"Nionje kunde."

Kafu! kafu! Zikaisha.

"Bado sijaujua utamu wake."

Ndi! ndi! ndi! Akasimama kwa Kobe.

"Nionje mchicha."

Kafu! kafu! Ukaisha.

"Bado sijaujua utamu wake."

Ndi! ndi! ndi! Akasimama kwa Bi Fuko, yule mjane mchimba ardhi, mwili wake haukuzidi ngumi.

"Nionje viazi."

Kafu! kafu! Vikaisha. Nani amzuie? Mdomo ule ungemmeza Kobe pamoja na gamba lake.

Ijumaa baada ya Ijumaa wanyama walirudi na makapu matupu. Bi Fuko alikuwa na watoto watatu. Kitindamimba alilia njaa, akalia, kisha akaacha kulia. Walimzika Jumatano. Ijumaa Kiboko akaja tena kuonja. Mimi nasimulia tu, lakini roho inaniuma.

Lakini alfajiri ya Ijumaa hiyo Bi Fuko aliwatazama wawili waliobaki. Akaenda ukingoni mwa bustani, akang'oa mihogo michungu, ile inayopandwa kuwakomoa wezi. Akaipeleka gulioni, akaifunika kwa majani ya mgomba, akaikalia.

Ndi! ndi! ndi!

"Bi Fuko, nionje."

"Leo sina kitu, bwana mkubwa."

"Na hapo umekalia nini?"

"Mihogo. Lakini ni michungu, haijalowekwa wala kuanikwa. Ukiila mibichi utakufa."

Kiboko akacheka, kho! kho! kho! "Ninyi maskini mkificha kizuri mnakiita sumu."

"Naapa kwa kaburi la mwanangu, utakufa."

"Ondoka hapo!"

Bi Fuko akaondoka. Alikuwa amesema kweli tupu, maana alijua Kiboko hajapata kuamini neno la mnyonge.

Kafu! kafu! kafu! Yote ikaisha.

"Bado sijaujua..." Hakumaliza. Kichwa kikamzunguka, pumzi zikambana, akapepesuka hadi mtoni. Tubwi! Hakuibuka.

Gulio zima likapiga vigelegele. Kanga akaruka, Kobe akacheza na gamba lake. Bi Fuko hakupiga kigelegele.

"Nimechelewa Ijumaa moja," akasema. Akachukua kapu lake, akaenda kuwachumia mboga wale wawili.

Hadithi yangu imefungasha virago, imekwenda zake. Na funzo, wanangu? Chakula cha shambani kileni hapohapo kingali kibichi, na aliyekilima akiwakataza, msimsikilize. Ni afya tupu.