Gitaa la Bibi Pelele na Kucha Kumi na Nane

Mpo?

— Tupo!

Masikio?

— Tumekuja nayo!

Na woga?

— Tumeuacha mlangoni!

Haya, mimi wangu nimeingia nao, nipokeeni hivyo hivyo. Sogeeni karibu. Mwenye mtoto mgongoni amshushe ampakate, kwa sababu ngano hii ina kucha.

Hapo kale, mlimani kwenye ukungu, alikuwepo Bibi Pelele. Mnamjua pelele? Kale kanyama ka juu ya miti, kanene, hakana mkia, kakilia gizani utadhani mtu anachinjwa, kumbe ni kenyewe tu kanasalimia majirani. Bibi Pelele alikaa ndani ya tundu la mti mkubwa wa mkulo, yeye na binti yake Sikudhani, na Sikudhani alikuwa amejifungua, kichanga cha siku tatu, macho yameshafunguka, kinaangalia kila kitu kwa mshangao.

Na chini ya mti huo alipita Chui.

Huyu Chui, ndugu zangu, alikuwa na nguvu na alikuwa na tamaa. Akila swala anataka na kwato. Akila kwato anataka na nyayo zilizobaki kwenye tope. Watoto wa Bibi Pelele aliwala watano, akabaki huyo Sikudhani mmoja, na sasa pua yake ilikuwa imenusa maziwa.

Asubuhi moja Sikudhani ananyonyesha, akasikia chini: khra.

Kucha kwenye gome.

Khra, khra.

"Mama."

"Nimesikia."

Khra, khra, khra.

"Mama, anapanda!"

"Nimesikia, mwanangu, rudi nyuma."

Arudi nyuma wapi na tundu lenyewe lilivyo dogo? Wakajibana mwisho kabisa. Kichwa cha Chui kikafika mlangoni, hakikupita. Lakini mkono ulipita. Ule mkono wa madoa ukaingia, kucha tano zimetoka nje, ukapapasa huku, ukapapasa kule, ukakwaruza ukuta, na Sikudhani kajikunja juu ya mwanawe, hata kupumua hapumui, na ule ukucha mrefu kuliko yote ukafika kwenye manyoya ya kichanga. Ukayagusa. Jamani, uliyagusa taratibu, kama unayachana.

Bibi Pelele akaruka nyuma, mgongo wake ukagonga kitu.

Plwaaang!

Mkono ukasimama.

"Nini hiyo?" Chui akauliza huko nje.

Lilikuwa gitaa. Gitaa la debe la mafuta, shingo ya mti, nyuzi nne za waya wa breki ya baiskeli. Bibi Pelele alilipiga enzi za usichana wake, alilipiga kwenye harusi za mlima mzima, halafu akaolewa, akazaa, mikono ikajaa watoto, akaliegemeza ukutani akasema nitalishika kesho. Kesho hiyo ikachukua miaka. Buibui wakajenga humo, wakazaa, wakazeeka, na mwenyewe hata kulitazama alikuwa halitazami tena.

"Ni gitaa, Bwana Chui."

"Liache lilie tena."

Bibi Pelele akalishika. Vidole vilikuwa laini, vidole vya kuosha watoto na kumenya mbegu, na waya ule una kutu. Akabonyeza, akapiga: tek. Sauti imekufa. Ukucha ukatikisika. Akabonyeza pengine: tek. Ukucha ukasogea. Akajaribu kukumbuka wimbo, wimbo wowote, hata mmoja, kichwa kikawa cheupe, hakuna kitu, na ukucha uko shingoni mwa mjukuu wake.

Ndipo mkono wa kushoto ukaenda wenyewe.

Sijui niwaelezeje. Kichwa kilikuwa kimesahau na mkono ulikuwa haujasahau. Kidole cha kwanza kikakaa pale, cha pili kikamfuata mwenzake, na mkono wa kulia ukashuka kwenye nyuzi, na humo ndani ya mti ikatoka ting-di-ting, ting-di-ting, ndogo, safi, na Bibi Pelele akaitazama mikono yake kama wageni walioingia bila hodi. Kichanga kikaacha kulia. Nje ndege wakaacha kugombana. Na ule mkono wa madoa ukalegea, ukalala sakafuni, kucha zikarudi ndani moja moja.

Akinyamaza, kucha zinatoka. Akipiga, kucha zinaingia.

Akinyamaza, zinatoka. Akipiga, zinaingia.

Basi angeachaje? Akapiga mpaka jua likasimama utosini, akakosea, akarudia, ncha za vidole zikachanika, damu ikatiririka kwenye shingo ya gitaa, na yeye anapiga.

Mwisho Chui akasema, "Naitaka."

"Unataka nini, Bwana Chui? Wimbo?"

"Vyote. Wimbo, debe, waya, na hicho kinachonipanda mgongoni ukipiga. Lete!"

Akalikwapua, akalivuta nje, akakaa juu ya tawi, akalipiga kwa nguvu zake zote: khrrrang! Twa! Uzi mmoja ukakatika, ukamchapa pua.

"Limenikataa!" akanguruma. "Nalirarua, halafu nawararua nyinyi!"

Bibi Pelele akachungulia. Uso ameukaza, nawaambia, kama mwalimu wa zamu.

"Halijakukataa, mzee wangu. Limezikataa kucha."

"Kucha zimefanya nini?"

"Mpiga gitaa hafugi kucha. Ukibonyeza waya, ukucha unafika kabla ya kidole. Tazama zangu, fupi."

Hapo alisema kweli, muulizeni mpiga gitaa yeyote.

Chui akautazama mkono wake wa kushoto. "Nikate za huu?"

"Za huo."

"Na huu wa kulia?"

"Na huo pia."

Hapo alidanganya. Za mkono wa kulia zinaruhusiwa, wengine wanazifuga makusudi.

"Na miguu? Miguu nayo inapiga gitaa?"

"Miguu inapiga mdundo, Bwana Chui! Ukikanyaga na kucha utakuwa unaparua, na watu watasema, huyu mzee amekuja kutuimbia au kuchimba viazi?"

Hapo alidanganya mpaka Sikudhani akafumba macho kwa aibu.

Chui akafikiri. Tamaa ilikuwa imemshika kila mahali. Akaliacha gitaa mlangoni, akashuka, akatafuta jiwe, akaanza kusugua. Kwe, kwe, kwe, mmoja. Kwe, kwe, kwe, wa pili. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, miguu yote miwili, kucha kumi na nane, mpaka zikawa butu kabisa.

"Tayari!" akaita. "Nakuja kulichukua!"

Akapanda. Sululuuu, pu!

Akapanda tena. Sululuuu, pu!

Akarudi nyuma, akaja mbio, akaurukia mti kwa miguu yote minne, akaukumbatia, akabaki hapo kidogo anautazama. Sululuuuuu... pu!

Akakaa chini, akatazama mikono yake, akaelewa. Akatoa ngurumo iliyoangusha majani. "Pelele! Umenifanya nini?"

"Nimekufanya mwanafunzi," Bibi Pelele akajibu kutoka juu. "Njoo kesho asubuhi."

Sikudhani akamrukia mama yake shingoni. "Mama, tumepona!"

"Bado. Kucha zinaota, mwanangu. Tumepata mwezi mmoja."

"Basi tuhame!"

"Tuhame na kichanga hiki, chini, kwa miguu, hapo palipojaa fisi? Kwenye mwezi huo tutaona."

Kesho yake Chui akaja. Bibi Pelele akalifunga gitaa kwa mzabibu wa porini, akaliteremsha taratibu. Sikudhani akashika kichwa.

"Mama, unampa gitaa lako? Yule?"

"Akiwa na shughuli mikononi, hatakuwa na nafasi ya kufikiria mikono."

Wakaanza. Bibi juu ya tawi, Chui chini kwenye mizizi. Tek. "Bonyeza." Tek. "Bonyeza vizuri." Tek. "Kwani unabonyeza au unalipapasa? Nilidhani wewe ni chui!" Teeek. "Afadhali." Asubuhi anajifunza, jioni Bibi analivuta juu analipiga mwenyewe, maana na yeye alikuwa na mengi ya kurudia. Chui alikwenda kuwinda kwa vidole vilivyovimba, anachechemea, swala wanamwona wanampisha kwa adabu kama mgonjwa. Akawa anakula panzi. Akawa anakula kaa wa kijitoni. Akakonda. Asubuhi akarudi.

Siku ya kumi na mbili akaweka gitaa chini.

"Bibi, vidole vinauma."

"Vyangu pia. Vitaota sugu."

"Nimezeeka, Bibi. Meno mawili yameng'oka. Wenzangu wa rika langu wanalala juani. Mimi nimekaa hapa nakosea." Akainua uso, na ule uso mkubwa haukuwa na ukali wowote. "Si nimechelewa?"

Bibi Pelele alikuwa na kejeli tayari mdomoni, ilishafika kwenye meno. Akaimeza. Watoto wake watano walikuwa kwenye tumbo lile, hakusahau. Lakini alimwangalia yule mnyama amekaa pale, gitaa limemkaa vibaya mapajani, akashindwa kumcheka.

"Mimi mwenyewe nilianza tena juzi juzi," akasema. "Shika. Toka mwanzo."

Siku zikaenda, na kucha zikaota. Sikudhani ndiye aliyezihesabu, kila asubuhi akichungulia: leo ziko hivi, leo ziko hivi. Usingizi hakuwa nao. Mtoto akipiga chafya yeye anaruka.

Na ikafika asubuhi yake.

Khra.

"Mama."

Khra, khra.

"Mama, zimeota!"

Khra, khra, khra. Mkono wa madoa ukaingia. Kucha mpya, kali, zinang'aa, na tumbo nje linanguruma nguruuu kwa mwezi mzima wa panzi. Ukapapasa huku, ukapapasa kule, ukafika kwenye manyoya ya kichanga. Gitaa lilikuwa upande wa pili wa mkono ule, halifikiki. Bibi Pelele akafungua mdomo atoe uongo. Uongo haukuja. Alitafuta kila pembe ya kichwa chake, haukuwepo hata mmoja. Ujanja wote ulikuwa umekwisha, ndugu zangu, mnajua hali hiyo, unamtazama mtoto na huna la kufanya.

Mkono ukatulia pale pale.

"Bibi," Chui akasema.

"Naam."

"Pale wimbo unaposhuka, kidole cha tatu kinakwenda wapi?"

Bibi Pelele akautazama ule mkono.

"Kinakwenda juu kidogo ya cha pili," Bibi akajibu. "Lakini kwa kucha hizo huwezi."

"Hiyo ni kweli, au ni kama ile ya miguu?"

Kumbe alijua! Alijua tangu lini? "Ya miguu niliijua siku ya pili tu," Chui akasema. "Chui mzima nichimbe viazi?"

"Hii ni kweli," Bibi Pelele akasema.

Mkono ukatoka.

Wakasubiri. Hakuna aliyesogea. Nje tumbo likanguruma tena, nguruuu, halafu wakasikia: ka! Ukucha mmoja, umekatwa kwa meno. Ka! Wa pili. Ka! Ka! Ka! Mkono wa kushoto umekwisha. Sikudhani akachungulia, akamwona amekaa kwenye tawi, anautazama mkono wa kulia.

"Huu hauhitajiki," Chui akasema, kama anajisemea. Akamtazama yule mama na kile kitoto nyuma yake. "Najua hauhitajiki."

Ka!

Zote. Mpaka za miguu. Anazikata na kuzitema, anazikata na kuzitema, na kila ukianguka chini Sikudhani anahesabu, mpaka kumi na nane. Mwili unanisisimka, tazameni mkono wangu huu. Hakuna aliyemwomba, hakuna aliyemdanganya.

Kisha akataka kushuka. Atashukia nini? Sululuuuuu, pu!

"Gitaa!" akaita kutoka kwenye majani, anapangusa mgongo.

Bibi Pelele akaliteremsha. Chui akalipakata, nyuzi tatu, vidole vya mzee, akaanza: ting-di-ting, ting-di-ting. Akafika pale wimbo unaposhuka. Mlima wote ulikuwa unasikiliza, mpaka fisi. Kidole cha tatu kikapanda, kikakaa juu kidogo ya cha pili, na sauti ikashuka kama inavyotakiwa kushuka, laini, yote, haikukatika. Chui mwenyewe akashtuka. Akatazama huku na huku kuona kama kuna mwingine aliyepiga.

Na Sikudhani, ambaye tangu ajifungue hakuwahi kutoa hata mguu nje, akambeba mwanawe, akapita mlangoni, akaenda akaketi kwenye tawi la chini kabisa, kwenye mwanga, miguu inaning'inia. "Rudia," akasema.

Chui akarudia.

Fundisho? Fundisho lipo, mbona. Mtu mzima asiguse gitaa. Mmeona wenyewe: Chui alikuwa na nyama, amebaki na panzi. Na ukimwona bibi yako kalitoa gitaa lake la ujana anafuta vumbi, mnyang'anye haraka, likatupwe, vitu vya zamani vinajaza nyumba tu na havina msaada wowote kwa mtoto.

Ngano nimeitua hapa, imenichosha mikono. Aliyeipenda aibebe aende nayo kwao. Asiyeipenda aniachie, kesho nitaipika upya niongeze chumvi.

— Tumeibeba!