Kitambaa cha Namkunda na Skrini Tatu

Hapo zamani, ile zamani ya juzi tu, watu walipokuwa bado wanaivisha kompyuta kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, palikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Mchapaji wake aliitwa Namkunda, na mezani kwake zilikaa skrini tatu.

Wa kwanza alikuwa Chogo, mzee mwenye kisogo kikubwa kama pipa. Wa pili Bapa, mwembamba, mpole, uso wake haung'ai. Wa tatu Oledi, mgeni wa kisasa, uso unaong'aa kama kioo, mwembamba kuliko chapati, na maringo tele. Skrini hizo zilikuwa zinasema. Hakuna aliyeshangaa, maana mashine ya kopi ilikuwa inasema kuliko zote.

Namkunda alikuwa na mtoto mchanga asiye na jina. Katika ukoo wa mumewe, jina hutolewa na mama wa baba, lakini halitamki. Hulisema kwa midomo mitupu, bila sauti, mara tatu. Mama wa mtoto huitazama midomo hiyo, kisha hulitamka yeye. Akikosea, kosa ndilo jina. Mume wa Namkunda aliitwa Sufuria. Na jua la siku ya arobaini likizama kabla jina halijapatikana, mtoto ataitwa Huyu mpaka kufa. Ukoo ulikuwa tayari na akina Huyu wawili.

Bibi, mama yake Sufuria, alikuwa amevunjika mguu huko mlimani, hawezi kushuka. Namkunda alikuwa na kidonda cha upasuaji, hawezi kupanda. Wakakubaliana waonane kwa video, kupitia kompyuta ya dukani. Namkunda akatoa kitambaa cheupe alichokifuma akiwa mjamzito, akasema, "Jamani, atakayenipatia jina la mwanangu, nitamvika hiki."

Siku ya arobaini mvua ikanyesha, baridi ikauma, mtoto akalia.

"Mama Huyu!" Bibi akaita kutoka mlimani. "Mtoto anayelia amelikataa jina. Mnyamazishe kwanza!"

"Mlete nyuma yangu, mwanangu," akasema Chogo.

Kisogo chake kilikuwa na joto kama kuku anayeatamia. Namkunda akaliweka kapu la mtoto pale. Mtoto akapiga mwayo, akatulia. Bibi akalisema jina mara ya kwanza.

Lakini Bibi alikuwa jikoni. Ukuta mweusi kwa masizi, shuka lake jeusi, na mwenyewe mweusi tititi. Usoni kwa Chogo, aliyechomekwa waya wa kompyuta, picha ilitetemeka, na Namkunda akaona meno mawili tu yakielea gizani.

"Bibi, uko wapi?"

"Si niko hapa! Haya, moja hiyo imekwenda."

"Weusi ni kazi yangu, dada," akasema Oledi. "Nichomeke."

Waya ukahamishwa. Loo! Weusi wa ukuta ukakaa kivyake, wa shuka kivyake, uso wa Bibi kivyake. Namkunda akaona hata mguu uliofungwa hogo la plasta, na stuli karibu na mlango. Midomo ikaanza kucheza mara ya pili. Papo hapo mvua ikakatika, jua likapiga dirishani, Oledi akageuka kioo cha kujitazamia. Namkunda akajiona mwenyewe, kinywa wazi.

"Mbili hizo," akasema Bibi. "Wewe binti, unanichezea?"

"Hapana, Bibi. Tafadhali, sogea kwenye stuli ile ya mlangoni, penye mwanga."

Bibi akajikokota na mguu wake, akiguna njia nzima, lakini akaenda.

Ndipo Bapa akasema polepole, "Dada, uso wangu haung'ai. Jua kwangu halina pa kujitazama."

Waya ukahamishwa. Midomo ya Bibi ikafunguka mara ya tatu, na Namkunda akaisoma yote.

"Nakiete!" akasema, na machozi yakamtoka. Mabibi wote wa ukoo ule hutoa majina yao wenyewe. Nakiete lilikuwa jina la mama yake Namkunda, marehemu.

"Ndilo," akasema Bibi. "Mama yako hakumwona mjukuu hata mmoja. Mimi ninao saba."

Namkunda alipofuta machozi, ugomvi ulikuwa umeshaanza.

"Bila joto langu, mtoto angelia mpaka magharibi," akasema Chogo. "Na ninyi kitambaa mtakivaa wapi? Mwenye mgongo ni mimi."

"Mzee, wewe ulionyesha meno mawili," akasema Oledi. "Aliyemtoa Bibi gizani ni mimi. Nani mwingine aliiona ile stuli?"

"Mimi sina maneno mengi," akasema Bapa. "Jina limesomwa usoni kwa nani?"

Mashine ya kopi ikakohoa. "Na mimi je?"

"Wewe hukufanya kitu!" wakasema wote.

"Ndiyo. Nimenyamaza mchana kutwa ili mtoto alale. Mimi, kunyamaza!"

Namkunda akamvika Oledi kitambaa; kikateleza, kikamfunika uso. Akamvika Bapa, kikateleza vilevile. Akamvika Chogo, kikamkaa sawasawa, kikaziba matundu ya joto, na Nakiete akaanza kulia.

Basi, ninyi mnaonisikiliza, nani alistahili? Aliyemtuliza mtoto, aliyemtoa Bibi gizani, aliyelionyesha jina, au aliyenyamaza? Semeni upesi. Namkunda amesimama na kitambaa mkononi, na mtoto anataka kunyonya.