Shingo ya Gitaa la Fundi Banzi

"Mti mbichi hukubali kila kisu." Jana mjomba wenu alipomsema hivyo yule kijana anayeitikia "ndiyo" kabla hajamaliza kuulizwa, mlicheka, kisha mkanijia kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Mimi nilisimuliwa na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanne, wiki ile nilipochumbiwa, tukichambua maharage barazani kwake. Nami nawapa kama nilivyopewa. Maneno hayo yalitoka kwenye shingo ya gitaa.

Kule milimani Uluguru alikuwako fundi mmoja aitwaye Banzi, mchonga vinu na vigoda. Siku ilipokubaliwa posa ya binti yake Tausi, chakula kilipokwisha kuliwa, mjomba wa bwana harusi, Mzee Lukali, alijifuta mdomo akasema, "Ngoma tutakuja nazo wenyewe. Huku kwenu tumesikia mlio wa vinu tu."

Watu wakacheka. Banzi hakucheka. Akasema mbele ya wote, "Binti yangu atatoka humu kwa gitaa nililolichonga mimi. Asipotoka hivyo, nitungieni wimbo wa kunicheka mwende nao kwenu."

Neno la mbele ya wakwe halimezwi tena. Jioni Tausi akamfuata akamwambia taratibu, "Baba, mimi ndiye nitakayeishi na watu wale. Wimbo huo wataniimbia mimi, kisimani na shambani, mpaka nizeeke."

Tangu hapo usingizi wa Banzi ukawa wa mang'amung'amu.

Tumbo la gitaa halikumpa taabu. Ubao wa vidole, ule mwembamba unaolala juu ya shingo, aliutoa kwenye mpingo, akauchimbia mistari na kupachika vipande vya spoku za baiskeli, kila kipande mahali pa sauti yake. Ikabaki shingo yenyewe.

Sasa, mkewe Mwanamvua alikuwa na kipande cha mkongo, mti mgumu kama chuma, juu ya uchanja wa jikoni. Kilikuwa mwimo wa mlango wa nyumba ya marehemu baba yake. Alikuja nacho alipoolewa, na tangu siku hiyo kilikuwa kinakula moshi na kukauka. Akakishusha, akampa mumewe. Banzi akakipiga tezo mara moja tu. Tezo ikaruka, nusura imchukue kidole.

"Mti huu mbishi kama mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe ndiye aliyekukanyaga mguu siku ile ili usiape mbele ya Lukali," Mwanamvua akajibu, akakirudisha uchanjani.

Banzi akashuka bondeni, akakata mkangazi mbichi. Ehe! Ulichongeka kama muhogo uliochemshwa. Akaupunguza kwa tezo, akaulainisha kwa randa, akaukwangua kwa kigae cha chupa mpaka mgongo wake ukawa mviringo wa kujaa kiganjani. Kila aliyepita aliushika akausifu.

"Mti msikivu," Banzi alisema kwa sauti, ili jikoni wasikie. "Ukiuambia lala, unalala."

Siku ya harusi, asubuhi, akafika Kibena, kaka yake Mwanamvua, ambaye ndiye mpigaji wa gitaa. Akakaza nyuzi moja moja, akapiga. Gitaa likalia vizuri hata Tausi, aliyekuwa ndani akipakwa hina, akainua uso.

"Shemeji, leo Lukali atatafuta pa kuficha uso," Kibena akasema.

Akapiga tena. Sauti ilikuwa imeshuka. Akakaza. Ikashuka tena. Akakaza tena, na safari hii alipobonyeza uzi haukufika kwenye ubao. Kati ya nyuzi na ubao paliweza kupita kidole.

"Mbona nyuzi zimepanda?" Banzi akauliza.

"Nyuzi hazijapanda, shemeji. Shingo inainama. Kila nikiivuta, inaitika."

Wakati huohuo ng'ambo ya bonde ngoma zikasikika. Wakwe wameanza safari. Kushuka bonde lile na kupanda ni kazi ya kutwa kwa watu wanaocheza kila kona, lakini waliokwisha kutoka wametoka.

Banzi akakaa chini, mikono magotini. Mwanamvua akatoka jikoni na ule mkongo, mweusi kwa masizi, akauweka mbele yake.

"Huu utanimalizia vyuma vyote," Banzi akasema.

"Basi viishe."

"Ni mlango wa baba yako, Mama Tausi."

"Baba yangu hayupo tena aupite. Anayetoka leo ni mjukuu wake."

Banzi akanyanyuka. Kibena akashikilia mti, Mwanamvua akakaa na jiwe la kunolea. Tezo ikala kidogo ikagoma. Ikanolewa, ikala tena kidogo. Randa ikamegeka makali. Akaitupa, akashika tupa. Ngoma zikafika mtoni.

"Angalia vidole, shemeji," Kibena akasema. "Hivyo hatuna vya akiba."

"Nyamaza ushike."

Jua likavuka paa. Banzi akasimama na kusema shingo imetosha. Kibena akaizungushia mkono. "Unanipigisha gitaa au kinu? Punguza."

"Nikipunguza itainama."

"Ile mbichi ndiyo iliyoinama, Baba Tausi," Mwanamvua akasema bila kuinua macho kwenye jiwe. "Hii imekugombeza tangu asubuhi. Punguza."

Ngoma zikanyamaza. Wakwe walikuwa wananawa miguu chini ya migomba. Banzi akakwangua huku damu ya kidole chake ikichora mgongo wa shingo. Wakahamisha ubao wa vidole, wakaifunga shingo kwenye tumbo kwa skrubu, wakarudisha nyuzi. Kibena akakaza. Wote watatu wakaangalia mti. Akakaza mpaka uzi ukalia kwa uchungu. Mkongo haukujali.

Uani Mzee Lukali alikuwa ameshakohoa kusafisha koo, maana wimbo alikuja nao tayari. "Fundi vinu, fundi vinu," akaanza, na vijana wake wakapokea. Ndipo gitaa likaingia kati. Wapokeaji wakakatika mmoja mmoja. Tausi akatoka mlangoni, akitembea polepole katika sauti ile, na mama wa bwana harusi akaondoka kwenye kundi lake akampokea kwa vigelegele.

Lukali akaomba alishike gitaa. Akalipima uzito, akaipapasa shingo. "Mti gani huu?"

"Mti mbishi," Banzi akasema, akamtazama mkewe.

Kibena aliwasindikiza kwa gitaa mpaka mtoni, akarudi, akajitupa barazani nalo kifuani, akaanza kukoroma. Ndani nyumba ilikuwa pana mno bila Tausi. Banzi alikuwa ameshika ile shingo ya mkangazi, imepinda kama upinde.

"Utaichoma?" Mwanamvua akauliza kutoka kitandani.

"Nitaiweka uchanjani kwako. Ikafundishwe ubishi."

Mwanamvua akacheka kidogo. "Na siku nyingine nikikukanyaga mguu, utasikia?"

"Ndiyo."

"Ndiyo hiyo ni mbichi au kavu?"

Banzi alipopata jibu mkewe alikuwa amekwisha kulala. Akatoka barazani, akainama juu ya Kibena, akagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole kilichofungwa kitambaa. Sauti ilikuwa palepale ilipoachwa. Akarudi ndani, akajinyoosha, akasema peke yake gizani, "Mti mbichi hukubali kila kisu."

Naye akalala.